Robo ya Kidonge

Karani alichuchumaa kwenye karai la majivu kwa mara ya nne asubuhi ile. Aliukunja mgongo, akayalaza masikio, akasukuma mpaka mkia ukatetemeka, lakini halikutoka hata tone. Kisha akalia. Haukuwa ule mlio wake wa kudai dagaa. Ilikuwa sauti nzito iliyopanda kutoka chini kabisa ya tumbo, na Judica aliyekuwa akipepeta mchele barazani aliuacha ungo palepale. Sauti hiyo aliijua. Aliwahi kuisikia mara nyingi nyuma ya mapazia ya wodi, ikitoka kwa wanaume wazee walioshindwa kukojoa na wakaona aibu kusema.

Alikuwa nesi kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na mtaani kwake Nshambya hakuna aliyemwita kwa jina tupu. Alikuwa Sista Judica kwa wakubwa na wadogo. Mumewe, Mwijage, alikwishafariki. Watoto wake wawili walikuwa na maisha yao Mwanza. Nyumbani alibaki yeye na huyu paka dume wa kijivu mwenye kifua cheupe, aliyepewa jina la Karani kwa sababu ya kupenda kukalia karatasi na kumtazama kila anayeingia kama mtu anayesubiri kuoneshwa barua.

Judica alipiga magoti, akapitisha vidole chini ya tumbo la paka. Vilikutana na kitu cha mviringo, kigumu kama limau. Karani alimng'ata. Hakumng'ata sana, ila alimng'ata, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sista, kwani huyo paka ana nini?" Ilikuwa sauti ya Shamsia, jirani yake fundi cherehani, akichungulia juu ya ua wa michongoma, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mkojo umeziba."

"Paka naye huziba mkojo?"

"Ana kibofu kama mimi na wewe, Shamsia. Niitie bodaboda."

Daktari wa mifugo, Haidari, alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo mjini. Wateja waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walikuja kwa habari za ng'ombe na kuku, na kwa mshangao uliochanganyika na kicheko walimtazama mwanamke mwenye mvi aliyepakata kikapu kinacholia. Judica hakuwajali. Alipoingia alieleza kwa maneno machache, kama mtu anayekabidhi zamu: ameanza lini, amekula nini, amejaribu mara ngapi, kibofu kimejaa kiasi gani. Haidari alimgusa paka mara moja tu, akaacha kutabasamu.

"Umefanya vizuri kumleta leo, Sista. Kesho ungeleta mzoga."

Alimchoma sindano ya usingizi, akapitisha mpira mwembamba kuliko mrija wa kalamu, na baada ya jasho jingi mkojo ukatoka, mwekundu, ukiwa na chembechembe zilizometa kwenye beseni. Haidari alizisugua kati ya vidole vyake vilivyovaa glavu.

"Mchanga. Dagaa wakavu kila siku, maji kidogo, na dume njia yake ni nyembamba mno. Kuanzia sasa mpe samaki wa kuchemsha, na mchuzi mwingi usio na chumvi." Aliinamia karatasi, akaandika. "Kinachonitia hofu ni hizi siku chache zijazo. Njia imevimba, misuli imekaza. Inaweza kuziba tena. Nakuandikia dawa ya kuilegeza. Ni dawa ya watu, lakini yeye mpe robo ya kidonge, asubuhi na jioni. Ikiziba tena, sina uhakika kama moyo wake utahimili sindano nyingine."

Kwenye famasi, Judica alipopokea boksi alilisoma, akalisoma tena. Alilifahamu. Lilikuwa na mstari wa buluu pembeni, na mwezi mmoja uliopita alikuwa amemnunulia dada yake Kokwijuka boksi kama hilo hilo, baada ya presha ya dada huyo kugoma kushuka kwa dawa za mwanzo na daktari kumwongezea hii. Hulegeza mishipa, alimweleza dada yake siku ile, damu ikapita bila kusukumana. Judica alicheka peke yake dirishani. Dada na paka, dawa moja.

Wodini Judica alisifika kwa mikono myepesi na ulimi mkali. Mgonjwa aliyelalamika kwamba vidonge vinamtia kichefuchefu alijibiwa, "Meza kwanza, malalamiko baadaye." Hakuwa mkatili. Aliwahi kuona watu wengi mno wakifa kwa kuacha dawa kwa sababu ndogondogo, na ndani yake kulijengeka ukuta. Upande mmoja wa ukuta huo ulikuwa na wale wanaomeza na kupona. Upande wa pili, wale wanaolalamika. Miaka ilivyokwenda hakukumbuka tena kwamba mtu anaweza kusimama pande zote mbili.

Ndivyo alivyomjibu dada yake pia. Kokwijuka, aliyemzidi miaka minane, aliishi Izigo kwenye kibanja walichoachiwa na wazazi, kati ya migomba na mibuni. Wiki tatu zilizopita alimpigia simu, na ile waitu yao ya kubembeleza mdomoni. "Judi, hii dawa mpya, waitu, sipatani nayo. Nikisimama naona giza. Juzi nilishika mgomba nisianguke." Judica alikuwa akiwahi mazoezi ya kwaya. "Dada, una miaka sabini na mmoja, ulitegemea uinuke kama msichana? Kunywa dawa. Usinianzishie habari za kuacha dawa." Akakata simu. Tangu siku ile kila alipopiga, Kokwijuka alisema jambo moja tu: niko salama.

Karani alikunywa robo yake ya kwanza imefichwa kwenye kipande cha sato. Jioni alikojoa kidogo kwenye majivu na Judica akapiga makofi kama mtoto. Siku ya pili asubuhi akampa robo nyingine, akaketi kumtazama. Baada ya saa moja paka aliinuka kutoka kwenye mkeka, akapiga hatua mbili, miguu ya nyuma ikaenda kushoto wakati ya mbele ikienda kulia. Alisimama, akatikisa kichwa kana kwamba masikio yameingia maji. Alijaribu kurukia kigoda chake cha kila siku, akakikosa, akaanguka ubavu sakafuni. Judica alimkimbilia. Utando mweupe ulikuwa umetoka pembeni mwa macho na kuyafunika nusu. Ufizi, ambao siku zote ulikuwa wa waridi, ulikuwa umepauka.

Alichukua daftari. Hakujua kwa nini, ila mikono ilikuwa imezoea. Akaandika saa aliyompa dawa, saa aliyoyumba, saa aliyoanguka, alivyokataa chakula, alivyolala kwa muda gani, pumzi ngapi kwa dakika. Aliandika hata namna paka alivyomtazama kabla ya kujaribu kusimama, akipima sakafu kwa macho, kama mtu asiyeiamini tena. Ilipofika saa ya kumpa robo ya jioni, alikaa na kile kipande cha kidonge kiganjani hadi kikaanza kulainika kwa jasho. Akimpa, huenda akamzimisha. Asipompa, njia itakaza, na ile sauti itarudi. Kwa mara ya kwanza katika umri wake alishika dawa asijue la kufanya nayo. Hatimaye alikigawa kwa wembe, akampa nusu ya robo, na kesho yake alfajiri akampa hivyo hivyo, kisha akambeba tena hadi mjini.

Haidari alilisoma daftari lote akiwa amesimama. Alimpima paka mapigo, akamfunua kope, akaufunga ukurasa taratibu.

"Sista, tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kuniletea maelezo kama haya. Umefanya sawasawa. Presha yake inashuka mno anapoinuka, basi. Ndiyo kawaida ya dawa hii, hasa siku za mwanzo, na wengine inawapiga zaidi. Endelea na hiyo nusu ya robo, mpe akiwa ameshakula." Alimkuna Karani chini ya kidevu. "Maskini, hana mdomo. Angekuwa mtu angekwambia tu, mama, nikisimama naona giza."

Judica alikuwa akifunga kifuniko cha kikapu. Kamba ilimponyoka.

"Umesemaje?"

"Nasema angekuwa mtu angesema."

Alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha duka, kikapu miguuni, akapiga simu Izigo. Iliita kwa muda mrefu.

"Dada, unaendeleaje?"

"Niko salama."

"Kizunguzungu je?"

Upande wa pili jogoo aliwika. "Nimekwambia niko salama, Judi. Nyumbani kwako hamjambo?"

Judica alikuwa amelisikia jibu hilo kwa wiki tatu, na kila mara lilikuwa limempa nafuu. Sasa alilisikia kama lilivyokuwa: mlango uliorudishwa kwa upole na mtu aliyechoka kugombezwa.

Asubuhi iliyofuata Karani alikuwa bado hajakojoa. Alikuwa hayumbi tena sana, alikula kichwa cha sato na kunywa mchuzi, lakini majivu yalikuwa makavu tangu jana jioni. Judica aligusa tumbo lake: kibofu kilikuwepo, laini bado, kikubwa kuliko alivyopenda. Alisimama katikati ya sebule, mkoba wa kipimo cha presha begani, akimtazama paka, kisha mlango, kisha paka. Shamsia aliyekuwa ameitwa aje kukaa alimvumilia kwa dakika chache tu.

"Sista, nenda. Mimi nitashona hapahapa. Akilia nampeleka kwa daktari na kikapu chake, hata kama nimevaa khanga ya ndani."

"Ukiona anachuchumaa tu bila..."

"Nitajua. Nenda kwa dada yako."

Gari la Muleba liliondoka na manyunyu. Baada ya Kemondo mvua ilikata, na migomba ya pande zote za barabara ilikuwa ikidondosha maji kwenye udongo mwekundu. Judica alishuka Izigo na kushika njia ya miguu aliyoijua tangu utotoni. Njiani alipanga maneno, akayapangua.

Kokwijuka alikuwa ameketi kwenye nyasi mpya zilizotandazwa sebuleni, akimenya ndizi. Alipomwona mdogo wake mlangoni alificha mkono wa kulia chini ya upande wa khanga, haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Kisu kilibaki katika mkono wa kushoto, na maganda kwenye sinia yalikuwa manene, yamekatwa vibaya.

"Hukuniambia kama unakuja."

"Nioneshe mkono, dada."

"Karibu kwanza, waitu. Hata salamu hunipi?"

Walisalimiana. Kokwijuka alimsogezea kikombe kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo heshima ya nyumba ile kwa kila mgeni, na Judica akachukua punje mbili, akatafuna, akangoja. Hatimaye mkono ukatoka. Kutoka kiwiko hadi kifundo ulifungwa kitambaa cha kitenge, na pale kitambaa kilipoishia ngozi ilikuwa ya rangi ya zambarau iliyoanza kugeuka njano.

"Lini?"

"Siku nyingi. Nilikuwa nachuma kahawa, nimechuchumaa kuokota zilizodondoka. Nikainuka. Nilipofumbua macho nilikuwa naangalia majani ya migomba kutoka chini." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. "Nililala pale mpaka jirani, Ma Elieth, alipopita kwenda kisimani."

"Na dawa?"

Kokwijuka alitazama kona ya chumba. Judica aliinuka, akalifungua kopo la majani ya chai kwenye rafu iliyokuwa hapo. Vidonge vilivyobaki vilikuwemo, vimepangwa kwenye kipande cha gazeti.

"Siku kumi na mbili sijanywa," alisema Kokwijuka. "Sasa nigombeze, tumalize."

Judica alifunga kile kitambaa cha kipimo kwenye mkono usioumia wa dada yake, akasikiliza. Mia moja tisini na sita juu ya mia moja na kumi. Alipima tena. Haikupungua. Maneno yote yalimjia, yamejipanga kama vifaa kwenye trei: ungepooza, ungekufa humu ndani peke yako, nilikwambia nini. Aliyashika mdomoni pamoja na uchungu wa kahawa. Aliona jinsi dada yake alivyokuwa ameinamisha kichwa na kukaza mabega, tayari kuyapokea, na ukaidi mdogo uliokuwa kwenye kidevu chake, ule ule uliokuwepo walipokuwa wasichana na Kokwijuka akichapwa kwa niaba yake.

"Niambie tena," alisema. "Ile ya kuona giza. Inaanzaje?"

Kokwijuka aliinua macho. "Unaniuliza kama nesi?"

"Nakuuliza kama mtu aliyekukatia simu."

Dada yake alimtazama kwa muda, akitafuta mtego ulipo. Simu ya Judica ikaita. Alitaka kuiacha, lakini jina lilikuwa la Shamsia, na vidole vilibonyeza kabla hajaamua.

"Sista!" Sauti ilijaa chumba kizima. "Kakojoa! Kwanza kachuchumaa kwenye majivu, nikasema Mungu wangu, halafu kaondoka, kaja kwenye gauni la bi harusi nililolilaza kwenye mkeka, kakojoa ziwa zima! Njano, Sista, hakuna damu! Sijui nicheke au nilie!"

Judica aliangua kicheko, na katikati ya kicheko macho yakamjaa. Aliomba radhi kwa ajili ya gauni, akashukuru mara tatu, akaweka simu chini. Kokwijuka alikuwa akimtazama kwa mshangao.

"Nani kakojoa?"

Ikabidi aeleze. Alieleza karai la majivu, mchanga kwenye beseni, boksi lenye mstari wa buluu. Alieleza jinsi Karani alivyokikosa kigoda, na daftari, na saa alizoandika, na kile kidonge alichokigawa kwa wembe. Kadiri alivyosimulia ndivyo sauti yake ilivyokuwa ikipungua, kwa sababu alikuwa akiisikia hadithi kwa masikio ya aliyekaa mbele yake.

Kokwijuka alisikiliza hadi mwisho. Alichukua ndizi nyingine, akaigeuzageuza bila kuimenya.

"Kwa hiyo paka ameaminiwa," alisema.

Hakusema kwa hasira. Labda ingekuwa nafuu kama angesema kwa hasira. Huko nje matone yalikuwa yakianguka kutoka jani hadi jani. Judica alivuta sinia, akachukua kisu kutoka mkono wa kushoto wa dada yake, akamenya ndizi zilizobaki. Walizipika na maharage, wakala. Kokwijuka alikula kidogo, na kati ya tonge na tonge alitamka mambo mawili matatu: kwamba giza huanza pembeni na kuja katikati, kwamba asubuhi ndiyo mbaya zaidi, kwamba alijaribu kukinywa kidonge wakati wa kulala ikawa afadhali kidogo, lakini aliogopa kusema amebadilisha saa bila ruhusa. Judica hakuwa na daftari. Aliyashika kichwani.

"Twende ukaonwe leo," alisema alipokwisha kuosha vyombo. "Dawa hii hairudiwi hivihivi baada ya kuachwa, na mtu halali na presha hii. Zipo nyingine wanazoweza kukupa. Na mkono upigwe picha."

"Wakinirudishia ile ile?"

"Utawaambia."

"Nitawaambia mimi?"

Judica alimsaidia kuinuka. Alimshika kiuno, akamngojea akae kwanza kwenye kiti, kisha asimame akishikilia mlango, na kila hatua alingoja hadi Kokwijuka aseme, "Haya." Ilichukua muda mrefu. Zamani angeshasema fanya haraka.

Kwenye kituo cha afya walikaa foleni hadi alasiri. Daktari aliyewapokea alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye macho ya uchovu na kalamu mbili mfukoni. Alipima presha, akashtuka, akaona cheti cha zamani, kisha akamgeukia Judica. Labda ni ule mkoba wa kipimo, labda ni namna alivyokaa, wauguzi hutambulika.

"Mama, wewe ni wa kada yetu, eeh? Nieleze, huyu tatizo lake ni nini? Ameacha dawa?"

Jibu lilikuwa tayari, fupi, limenyooka, la kitaalamu. Lingechukua nusu dakika, na foleni nje ilikuwa ndefu. Judica alifungua mdomo. Kisha akakishika kiti chake kwa mikono miwili, akakirudisha nyuma hatua moja, miguu yake ikakwaruza sakafu.

"Mwenyewe yupo," alisema.

Binti yule aliweka kalamu juu ya karatasi, akamtazama mwanamke mwenye mkono uliofungwa kitenge. Kokwijuka alirekebisha khanga kichwani. Alimtupia mdogo wake jicho, upesi, kisha akamtazama daktari.

"Ni hivi, mwanangu," alianza. "Mwaka huu kahawa kwetu imezaa kweli, matawi yameinama mpaka chini, na mimi sipendi kuona punje inaoza..."

Alikuwa ameanzia mbali sana. Nje mtu alikohoa, mwingine akagonga mlango kuuliza kama bado. Judica aliweka mikono yake mapajani, akasikiliza.